Mtoto asome nyumbani: Uingereza au Ujerumani?

Dada yangu wa Mbezi na shemeji wanahama, kazi wamepata sehemu mbili hawajachagua, na swali la dada wala sio mshahara, anauliza kama mwanae anaweza kusomea nyumbani maana foleni za skul basi za huku zimemchosha mtoto kabisa. Uingereza hapo freshi, sheria yao ya elimu ya 1996 inasema mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu, shuleni au kwa njia nyingine, yaani kama hujamwandikisha popote huombi ruhusa kwa mtu, ila halmashauri wakiona mtoto hasomi chochote wanaweza kukulazimisha umpeleke.

Ujerumani sasa, mmh. Kule ni shule tu, ruhusa kwa nadra sana labda mtoto mgonjwa, sababu za dini hawazipokei, kuna familia ilifika hadi mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya 2006 ikagonga mwamba. Na faini zipo jamani.

Mi ningeenda Uingereza. Ingawa kwa mtoto mpenda wenzake (na huyu anapenda, mama ake tu hataki kusikia) Ujerumani lugha angeidaka fasta huko huko darasani.