Tangi la kioo lenye ukuta wa katikati: tathmini baada ya kufugia kobe dume na jike

Kwenye boksi la tangi hili kuna picha ya kobe wawili wa maji baridi, mmoja amelala juu ya mgongo wa mwenzake, na chini yake maandishi makubwa yanayosema kwamba haya ni makazi ya dume na jike. Nimelitumia ndani ya nyumba kwa miezi 14, na humo nafuga kobe wawili wa aina ya Trachemys scripta elegans, wale wenye mstari mwekundu nyuma ya jicho. Jike ana gamba lenye urefu wa sentimita 20, na dume ana sentimita 13. Ukuta wa plastiki ngumu unaochomekwa katikati, ambao mtengenezaji ameutaja kwa mstari mmoja tu kwenye kijitabu chake kwamba ni wa kutumiwa wakati wa usafi, ndio ulionifanya nisijutie kulinunua tangi. Hayo maandishi makubwa, kwa upande mwingine, ndiyo yaliyonigharimu.

Nianze na kilicho kizuri bila ubishi. Tangi lina urefu wa sentimita 180, upana wa sentimita 75 na kimo cha sentimita 60, na kioo chake kina unene wa milimita 12. Viungo vya silikoni havijavuja hata tone. Wafugaji wengi hukadiria lita 40 za maji kwa kila sentimita 2.5 za gamba la kobe wa kwanza, na kwa hesabu hiyo jike wangu anahitaji takriban lita 320 na dume lita 208. Nikijaza maji hadi kimo cha sentimita 45 napata kama lita 600, na kwa bahati nzuri kuta za ndani zina mifereji ya kuuchomeka ule ukuta katika sehemu tatu tofauti, kwa hiyo nimempa jike sehemu tatu kati ya tano na dume sehemu mbili, na kila mmoja ana maji ya kumtosha. Anayefikiria kulinunua akumbuke tu kwamba maji na kioo pekee vinapita kilo 700, na uzito huo si wa kuwekwa juu ya meza, wala kwenye sakafu ambayo mtu hana hakika nayo.

Wiki mbili za mwanzo nilikifuata kijitabu na kuwaacha pamoja bila ukuta. Siku za kwanza zilipendeza. Dume alikuwa akiogelea kinyumenyume mbele ya jike, uso kwa uso, amenyoosha mikono yake ya mbele na kuzitetemesha zile kucha ndefu karibu na mashavu yake, kwa kasi ambayo jicho halikuweza kuhesabu. Huko ndiko kubembeleza kwa kobe wa aina hii, na ndiyo sababu dume ana kucha za mbele ndefu kuliko za jike. Kosa langu lilikuwa kuyatazama mambo hayo kama tamasha. Ziwani, jike asiyetaka huondoka zake, akazama au akajificha kwenye majani, na dume akampoteza. Humu ndani kila upande aliokimbilia alikutana na kioo, akageuka, na dume alikuwa papo hapo akimsubiri. Kufikia siku ya 9 jike alikuwa hashuki majini isipokuwa usiku taa zikizimwa, chakula alikuwa anakiacha, na nilipomtoa kumkagua nilikuta vidonda viwili vidogo kwenye ngozi ya shingo, mahali ambapo dume humng'ata ili kumtuliza apate kumpanda. Ukubwa wake haukumsaidia kitu. Watu hudhani mnyama mdogo hawezi kumsumbua aliye mkubwa, lakini kwa kobe hawa ni kawaida kabisa kwa dume kuwa mdogo na bado akawa ndiye msumbufu.

Ningependa kusema neno kuhusu ile picha ya kwenye boksi, kwa maana imewadanganya wengi kabla yangu. Kobe anayempanda mwenzake mgongoni chini ya taa hafanyi hivyo kwa mapenzi. Anagombea joto na mwanga, na yule wa chini ananyimwa vyote viwili. Kobe hawa si wanyama wa kuishi wawili wawili, na jike aliyetengwa na dume hapati upweke wowote tunaopaswa kumhurumia. Wapo wanaoshauri kwamba dume awekwe na majike wawili au watatu ili usumbufu ugawanyike, na katika bwawa pana la nje huenda likawezekana, lakini ndani ya nyumba shauri hilo linadai maji mengi kuliko tangi lolote ninaloweza kulifikiria sebuleni.

Niliurudisha ukuta siku ya 15, na hapo nikazigundua kasoro zake mbili. Ya kwanza ni kwamba unaonyesha kama kioo. Dume aliendelea kumwona jike, na mchana kutwa alikuwa amesimama wima akiutetemeshea ukuta kucha zake, na sauti yake ya kukwaruza ilisikika hadi chumba cha pili. Ilibidi nitafute bamba jeusi la plastiki, nilitoboe matundu yaliyolingana na yale ya ukuta ili maji yaendelee kupita, kisha nilibandike kwa silikoni ya matangi ya samaki. Siku mbili baadaye dume alikuwa ametulia na kuanza kuota taa kama kawaida. Sielewi ni kwa nini mtengenezaji hakuufanya ukuta huo usionyeshe tangu mwanzo.

Kasoro ya pili ni kimo. Ukuta una sentimita 50 tu, yaani unachomoza sentimita 5 juu ya maji, na jukwaa la kuotea joto linalokuja na tangi limewekewa vishikizo vinavyolazimu likae kando ya ukuta huohuo. Asubuhi moja nilimkuta dume upande wa jike. Alikuwa amepanda jukwaani, akatia kucha kwenye ukingo na kujirusha. Niliyahamishia majukwaa kwenye kuta za mwisho za tangi, na tangu hapo hajavuka tena. Nasema majukwaa kwa sababu tangi huja na moja, nami nililazimika kununua la pili. Hata kwa anayefuga majike wawili wapole, jukwaa moja halitoshi: mmoja atalimiliki, na yule mwingine atakosa kukauka, na gamba lisilokauka huanza kuoza.

Kuhusu taa siwezi kuwa mpole. Mfuniko wa tangi ni wa kioo, na taa ya miale ya urujuanimno imetengenezewa mahali pa kukaa juu ya mfuniko huo. Miale anayoihitaji kobe ili mwili wake utengeneze vitamini D3 na kutumia kalsiamu huzuiwa na kioo cha kawaida, kwa hiyo aliyefuata maelekezo anaona mwanga mzuri wa buluu huku kobe wake hapati kitu. Kwa jike anayetaga hilo ni hatari maradufu, maana anahitaji kalsiamu ya gamba lake mwenyewe na ya maganda ya mayai. Niliuondoa mfuniko, nikaweka wavu wa chuma wenye matundu mapana, na taa ikaning'inia juu yake. Balbu zenyewe hubadilishwa kila baada ya miezi 6 hadi 12 hata kama bado zinawaka, kwa sababu mwanga unaoonekana hudumu muda mrefu kuliko miale hiyo. Hita, kwa upande wake, imefanya kazi vyema na imeyaweka maji kwenye nyuzi 25 bila kuyumba. Chujio ni dogo. Limekadiriwa kwa tangi la samaki la ukubwa huu, na kobe huchafua maji kuliko samaki, kwa hiyo niliongeza la pili, na sasa kila upande una lake.

Jambo ambalo boksi halikuligusa kabisa ni mayai. Miezi mitatu baada ya kuwatenganisha, jike alianza kuhangaika, akawa anaogelea huku na huko bila kupumzika, na alipokuwa jukwaani alikuwa akikwangua plastiki kwa miguu ya nyuma, mguu wa kulia, kisha wa kushoto, kisha wa kulia, kwa subira ya mtu anayechimba kisima. Daktari wa mifugo alimpiga eksirei, na mayai 7 yalionekana wazi. Jike wa aina hii huweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi mingi, na hata ambaye hajawahi kupandwa huweza kutaga mayai yasiyo na uhai, kwa hiyo ukuta haukuweza kuzuia hilo, na mwenye jike mmoja tu ajitayarishe vilevile. Asipopata udongo wa kuchimba anaweza kuyazuia mayai tumboni hadi yamuue au yahitaji upasuaji. Nilichukua beseni refu la plastiki, nikalijaza udongo laini uliochanganywa na mchanga hadi kina cha sentimita 30, nikalinyunyizia maji mpaka udongo ukashikamana ngumini, nikamweka humo mahali penye utulivu. Jioni ya pili alitaga. Tangi linalouzwa kwa ajili ya dume na jike, ambalo halina hata kishikizo cha kuunganishia sanduku la kutagia, ni tangi lililobuniwa na mtu ambaye hajakaa na jike mzima.

Nilimwandikia muuzaji kuhusu mfuniko na kuhusu maandishi ya boksi. Alijibu kwa adabu kwamba wateja wake wengi huweka jozi humo bila tatizo. Huenda ni kweli kwa mwaka wa kwanza au wa pili, kwa sababu wengi hununua vitoto, na kabla gamba halijafika kama sentimita 10 si rahisi kumtambua dume na jike. Baadaye mkia wa dume hunenepa na kurefuka, tundu la haja lililo kwenye mkia huo likawa mbali kupita ukingo wa gamba, kucha za mbele zikarefuka, na hapo ndipo mwenye kobe hujua kama alinunua jozi, majike wawili, au madume wawili ambao watang'atana.

Ningelinunua tena? Ndiyo, kwa kioo, kwa hita, na kwa ile mifereji mitatu ya ukuta ambayo sijaiona kwenye tangi jingine. Ila ningeagiza siku hiyohiyo bamba jeusi, jukwaa la pili, chujio la pili na wavu, na nisingewaacha pamoja hata siku moja. Kwa sasa mfuniko wa kioo umesimama nyuma ya mlango wa stoo, na jike ameanza tena kukwangua tangu juzi, kwa hiyo beseni la udongo liko tayari karibu na dirisha.