Boti ya Elephanta na mtoto wa miaka minne: uzoefu wangu

Nimejizuia kuandika haya kwa muda, nikisema hasira zitapoa. Hazijapoa, basi naandika.

Tulikuwa Mumbai kwa matibabu ya mama mkwe, safari ambayo Wazanzibari wengi wanaijua. Siku moja isiyo na kliniki wifi yangu akasema, "Nendeni mkatembee, mie nitabaki na mama. Huyu mtoto keshachoka na kuta." Mume wangu akachagua kisiwa cha Elephanta, chenye mapango ya kale ya kuchongwa, saa moja hivi kwa boti kutoka Gateway of India, lile lango kubwa la mawe ufukweni mwa Mumbai. Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka, ndani ya baridi yao, bahari imelala. Bei na ratiba mtazitafuta wenyewe. Mjue tu kwamba Jumatatu mapango hufungwa.

Langu mimi ni moja: jaketi la kujiokolea la mtoto.

Pale ngazini boti hujipanga ubavu kwa ubavu, unavuka ya kwanza, unavuka ya pili, mpaka uifikie yako. Mume wangu kambeba mtoto, mabaharia wakatupa mikono, tukakaa. Mpaka hapo sina neno. Kisha akapita kijana akiturushia majaketi ya rangi ya chungwa mapajani, kama anayegawa magazeti. Langu lilikuwa na kifungo kilichokatika, nikalifunga fundo. La mwanangu lilikuwa sawasawa na langu, la mtu mzima. Nikamvisha. Mabega ya jaketi yakapita masikio yake, pindo likamgusa magoti. Nikalishika mabegani nikalivuta juu kidogo, maana majini ndivyo linavyopanda. Likanijia lote mikononi, mtoto kabaki kakaa kwenye benchi ananitazama.

Nikamwita yule kijana, nikamuuliza kwa adabu: la mtoto liko wapi? Akacheka. Saa moja tu, madam, bahari shwari, mpakate. Nikamwambia kumpakata si jaketi. Akamgeukia mwenzake, wakasemezana kwa lugha yao, wakacheka wote wawili, halafu akaninyooshea kidole kwenye ngazi: kama naogopa nishuke, na pesa hairudi.

Mimi ni mtu wa Pemba. Septemba 2011 Spice Islander ilizama usiku ikitoka Unguja kuja kwetu, na Julai 2012 ikafuata Skagit. Zipo nyumba kwetu hazikupata hata maiti ya kuzika. Mtu akinicheka kwa sababu nimemuulizia mwanangu jaketi, amenigusa mahali pabaya sana. Na kijana yule hana udhuru wa kusema hajui. Desemba 2024, boti ya abiria iliyotoka Gateway hiyo hiyo kwenda kisiwa hicho hicho iligongwa na boti ya kasi ya jeshi lao la majini, wakafa watu zaidi ya kumi. Ndiyo maana siku hizi abiria wanavalishwa majaketi. Sasa jaketi la mtu mzima kwa mtoto wa kilo kumi na tano linamvalisha nini? Akitumbukia linapanda juu, yeye anatelezea chini. Jaketi la mtoto lina mkanda unaopita kati ya miguu, na ukosi nyuma wa kumwinua kichwa. Hakuna mzazi wa kisiwani asiyelijua hilo, seuze baharia.

Nilitaka kushuka. Kamba zilikuwa zimeshafunguliwa. Nikatoa khanga mkobani, nikaipitisha kati ya miguu ya mtoto, nikaifunga mbele na nyuma kwenye jaketi kwa fundo nililolijaribu kwa kuvuta mara kwa mara. Akalia joto. Nikamwacha alie. Shakwe walitufuata, abiria wakiwatupia vibanzi hewani, mtoto akasahau joto akawa anapiga makofi, na baba yake anampiga picha. Mie safari nzima mkono wangu uko kwenye lile fundo.

Haki ya kisiwa lazima niitoe. Ukishuka kuna kitreni kidogo kinakupeleka mpaka chini ya ngazi, na mwanangu hicho peke yake kilimtosha. Ngazi ni nyingi, zaidi ya mia, zina kivuli cha maturubai na wauzaji huku na huku. Bibi mmoja alimkatia mtoto embe mbichi, akalinyunyizia chumvi na pilipili, kama yale ya kwetu hasa. Kima wapo wengi na hawana haya: mmoja alinyakua chupa ya maji mkononi mwa mgeni mbele yetu, akaifungua mwenyewe. Msile mkitembea.

Pango kubwa sikulitarajia. Limechongwa ndani ya jabali zima, nguzo zake na paa lake ni jiwe lile lile moja, na ndani kabisa kuna sanamu ya Shiva, mungu wa Wahindu, mwenye nyuso tatu, urefu wa karibu mita sita. Ukitoka kwenye jua, macho yanachukua muda kumwona, kisha anajitokeza kidogo kidogo kutoka gizani. Mtoto alinyamaza kimya, jambo ambalo halifanyi hata msibani. Kisha akauliza tembo yuko wapi, maana tulimwambia twenda kisiwa cha tembo. Tembo hayupo. Wareno ndio waliokiita kisiwa hivyo kwa sababu ya tembo wa mawe waliyemkuta. Waingereza walipotaka kumhamisha akavunjika, na siku hizi yupo kwenye bustani ya Byculla, mjini. Mwenye mtoto mdogo ampeleke na huko, asije kulia njia nzima kama wetu.

Kwa hiyo mchana ule nilikuwa nishaanza kusamehe. Nilimwambia mume wangu nitaandika vizuri, nitataja jaketi kwa mstari mmoja tu.

Jioni tukarudi kwa boti nyingine, ya mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe. Kabla sijafungua mdomo, alimtazama mtoto, akainama chini ya kiti chake cha usukani, akatoa jaketi dogo, bluu, limefifia, mkanda wa kati ya miguu upo, kifungo kizima. Akamvisha mwenyewe, akavuta mabega juu kulijaribu, vile vile nilivyofanya mimi asubuhi. Halikutoka. Akampa mwanangu kipande cha muwa akarudi kwenye usukani wake bila kusema kitu.

Hapo ndipo nilipowaka upya, kuliko hata asubuhi. Kumbe yapo! Bahari ile ile, bandari ile ile, boti za umri mmoja. Ningeambiwa nchi nzima haina majaketi ya watoto ningelia na serikali yao. Lakini mzee analo chini ya kiti, na yule kijana ana kicheko.

Mume wangu anasema siku ilikuwa ya nyota nne, na mtoto mpaka leo anaomba kurudi kwa kima. Kwa mapango na kwa yule mzee nakubali, nendeni, hata na watoto. Kwa boti ya asubuhi sitoi hata nyota moja, na msinishawishi. Mkifika ngazini mvisheni mtoto jaketi kabla hamjavuka, mlivute mabegani. Likitoka, msipande, ngojeni boti nyingine. Bebeni na khanga. Namba ya boti ile niliichukua, nikaandika malalamiko kwenye daftari la kibanda cha tiketi na kuacha simu yangu. Tuliondoka Mumbai baada ya wiki kadhaa, na hakuna aliyepiga.