Umeme wa mgongoni bila kupasuliwa, nyota nne kutoka kwangu

Jamani hii huduma ya kusisimua uti wa mgongo kwa umeme juu ya ngozi nimeitumia, na mimi niliumia shingoni kwahiyo mikono ndo shida yangu kubwa. Unabandikwa vibandiko vya gundi nyuma ya shingo na vingine kwenye nyonga, mtaalamu anapandisha umeme kidogo kidogo mpaka usikie kama sisimizi wanatembea, na hapo hapo unafanya mazoezi, kushika kikombe, kubana kalamu, kufungua kifuniko. Wengi wanadhani utalala tu mashine ifanye kazi, wapi! Umeme unaziamsha neva zilizobaki ili amri ya ubongo ipite, kutoa jasho ni juu yako.

Kidole gumba changu sasa kinabana, chupa ya maji naishika mwenyewe. Miguu bado, na sikuahidiwa miguu.

Sio porojo pia, utafiti wa Up-LIFT uliotoka 2024 ulipima watu 60, asilimia 72 wakaongeza nguvu na utendaji wa mikono, wengine walikuwa wameumia miaka mingi tu, na Desemba mwaka huo Marekani ikaruhusu ARC-EX, mashine ya huu umeme wa juu ya ngozi, itumike.

Nyota moja nimeizuia sababu ya gundi, inawasha balaa, na kama ngozi yako haina hisia kagua wekundu kila ukibanduliwa maana pale hakuna aliyenikumbusha. Mwenye kifaa cha moyo mwilini aongee na daktari kwanza.