Ziara ya Kageye na hoja ya "usiku wa giza"

Wakazi wa Mwanza, pamoja na wageni wanaolala hapa kabla ya kuelekea Serengeti, wanaweza kulipia ziara ya siku nzima kuhusu biashara ya utumwa katika mwambao wa kusini wa Ziwa Victoria. Basi dogo huondoka katikati ya jiji asubuhi, husimama Bujora kwenye Makumbusho ya Wasukuma, kisha huendelea hadi Kageye, kijiji cha kandokando ya ziwa kilichokuwa kituo cha wafanyabiashara wa misafara katika karne ya 19. Nililipa shilingi 50,000, zikiwa pamoja na usafiri, viingilio na chakula cha mchana. Fedha hiyo haikupotea. Hata hivyo, ziara hii ina hoja moja kuu inayorudiwa kila kituo, kwamba utumwa ulizaliwa na ujinga, yaani watu kutojuana, nami naiona kuwa si sahihi. Na kwa kuwa wengi tuliokuwa nao walikuwa walimu na wanafunzi wa sekondari ambao wataifikisha hoja hiyo madarasani, nitaizungumzia kwa kirefu kuliko mambo ya usafiri na chakula.

Bujora tulikaa muda mfupi, lakini ni mahali panapofaa kuanzia. Makumbusho haya, yaliyoanzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, yanaonyesha ngoma na viti vya watemi, na mgeni anatoka akiwa ameelewa kwamba misafara ilipofika huku ilikuta tawala zenye mipaka, wazee wa baraza na ushuru. Mwongozaji alieleza vizuri habari za hongo, yaani malipo ambayo kila msafara ulitakiwa kumpa mtemi kabla ya kuvuka nchi yake. Laiti angeyakumbuka maelezo hayo mchana, kwa sababu yanaibomoa hoja yake mwenyewe.

Kageye ndipo ziara inapopata uzito wake. Mwongozaji ni mtu aliyesoma na anayeheshimu mahali anapopasimulia. Alianza na mwaka 1858, msafiri Mwingereza Speke alipoliona ziwa hili kwa mara ya kwanza mwezi Agosti, akasema bila kusita kwamba Speke hakugundua kitu, kwa kuwa habari za ziwa alikwisha kuzipata kwa wafanyabiashara Waarabu wa Tabora. Akafuata na Februari 1875, Stanley alipowasili Kageye na msafara wake, na Machi yake alipoondoka kwa mashua kulizunguka ziwa, akimwacha hapa Frederick Barker, kijana Mwingereza ambaye alifariki kabla Stanley hajarudi. Akamtaja pia Songoro, mfanyabiashara aliyekuwa na makao huku na aliyejenga jahazi la kuvukia ziwani, ambaye Desemba 1877 aliuawa Ukerewe pamoja na wamisionari wawili Waingereza. Sijapata kusikia historia ya mwambao wetu ikisimuliwa mbele ya vijana kwa mpangilio wa namna hiyo, na wale wanafunzi walikuwa kimya kabisa.

Kisha likaja fundisho. Mwongozaji anaamini kwamba chuki na hofu huzaliwa na ujinga, na kwamba utumwa ni ushahidi wake mkubwa kuliko wote. "Usilolijua ni usiku wa giza," alituambia Bujora, akarudia Kageye, akarudia tena ndani ya basi. Kwa maelezo yake, Mwarabu hakumjua Msukuma, Mzungu hakumjua Mwafrika, kabila hili halikulijua lile; kutojuana kukaleta hofu, hofu ikaleta chuki, chuki ikaleta minyororo. Ni maelezo yanayofariji, kwa sababu yakiwa kweli, basi shule peke yake inatosha kutuponya. Lakini hayaendani na mambo yale yale aliyotuonyesha.

Tumchukue Songoro. Huyu hakuwa mgeni aliyepotea njia. Aliishi kwenye mwambao huu, alijadiliana na watawala, alijua upepo wa ziwa na bei za ng'ambo. Hao Waarabu wa Tabora waliompa Speke habari za ziwa walizijua kwa sababu watu wao walikuwa wakisafiri huku kwa biashara. Babake Tippu Tip, yule mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar, aliitwa Muhammed bin Juma; alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe, eneo la Tabora, na ndoa hiyo ikawafungulia milango ya biashara yeye na mwanawe. Mtu anayeoa katika nyumba ya mtemi, anayelipa hongo kwa kila mtawala kwa kiwango chake na kuajiri wapagazi wa Kinyamwezi kwa mamia, hawezi kusemwa kuwa hakuwajua watu wa bara. Aliwajua vizuri sana, na ujuzi huo ulikuwa sehemu ya mtaji wake. Na wale waliofikishwa sokoni mara nyingi walitolewa na watu waliowafahamu kwa jina na ukoo: mateka wa vita vya jirani, watu waliodaiwa, watoto waliowekwa rehani mwaka wa njaa.

Kilichoufanya mnyororo kuwa na faida ni mambo yanayohesabika. Unguja na Pemba zilikuwa na mashamba ya karafuu yaliyotaka mikono. Pembe za ndovu zilitakiwa Ulaya na Marekani kwa ajili ya vibonye vya piano na mipira ya biliadi, na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta Zanzibar kitambaa ambacho mpaka leo tunakiita amerikani. Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Zanzibar, alimkopesha Tippu Tip mali ya kuendea bara. Bunduki zilizoingia kwa biashara hiyo zikawapa baadhi ya watawala nguvu ya kuteka majirani zao, na mateka wakanunua bunduki zaidi. Katika mlolongo huo wote natafuta mahali ambapo mtu angeacha biashara kama angefahamishwa vizuri zaidi kuhusu utu wa mwenzake, na sipaoni.

Mwongozaji alitaja pia utumwa wa Amerika, nao unaisaidia hoja yake kidogo kuliko hata huu wa kwetu. Mwaka 1662 bunge la Virginia liliamua kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake, mtumwa kwa mtumwa, huru kwa huru. Sheria ya namna hiyo haitungwi na watu wasiojua. Iliwahusu watoto ambao baba zao walikuwa Waingereza, na ilihakikisha kwamba mwanamume anaweza kummiliki mtoto wake wa kumzaa. Dharau iliyoandikwa baadaye kwa lugha ya dini na ya sayansi ilikuja kulinda mpango uliokwisha kuwapo. Kwanza kulikuwa na shamba la tumbaku, na baada yake zikatafutwa sababu za kumfanya anayelilima aonekane si mtu kamili.

Wakati huo huo ujinga wenyewe ulitengenezwa kwa makusudi. Baada ya watumwa kuasi kandokando ya mto Stono mwaka 1739, South Carolina ilipitisha sheria mwaka 1740 ya kumtoza faini yeyote atakayemfundisha mtumwa kuandika. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa na baadaye akawa mpinzani maarufu wa utumwa, alipokuwa mtoto kule Baltimore, mke wa bwana wake alianza kumfundisha herufi, na bwana akakataza, akieleza kwamba mtumwa akijua kusoma hatafaa tena kuwa mtumwa. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani, na bwana yule wa Baltimore angeielewa methali hiyo mara moja. Kwa hiyo ujinga ulikuwapo katika utumwa, lakini ulikaa upande mwingine na ule anaoutaja mwongozaji: watu walioijua thamani ya elimu ndio waliowanyima wengine.

Hofu nayo ilikuwa na chanzo chake. Watumwa wa koloni la Wafaransa ambalo leo ni Haiti waliposimama mwaka 1791, na nchi yao ikawa huru mwaka 1804, mabwana wa Marekani waliingiwa na woga mkubwa kiasi kwamba serikali yao haikuitambua Haiti mpaka mwaka 1862. Thomas Jefferson, aliyemiliki watu zaidi ya 600 katika maisha yake, aliandika mwaka 1820 kwamba kuwa na watumwa ni kama kumshika mbwa mwitu masikioni: huwezi kuendelea kumshika, wala huwezi kumwachia ukabaki salama. Hayo ni maneno ya mtu aliyejua kilichotendwa na aliyejua kwamba waliotendewa wana sababu ya kulipiza. Hakuwaogopa kwa kutowajua, maana waliishi nyumbani kwake, wakampikia, wakalea watoto wake.

Baada ya chakula, mama mmoja kutoka Magu aliuliza swali ambalo lilistahili jibu refu kuliko alilopewa. "Mwalimu," alisema, "na hawa bibi zetu waliouawa kwa ajili ya macho mekundu, na ndugu zetu wenye ualbino, hao nao ni ujinga?" Mwongozaji alijibu kwamba ndiyo, ni ujinga mtupu, akaendelea na ratiba. Nakubali kwamba hapa ujinga una nafasi. Bibi aliyepikia kuni na samadi miaka mingi ana macho mekundu kwa sababu ya moshi, na kijiji kinachojua hivyo hakina sababu ya kumwogopa. Lakini mauaji yaliyotutia aibu Kanda ya Ziwa, hadi serikali ikafuta leseni za waganga wa jadi mwezi Januari 2009, yalikuwa na wanunuzi. Kiungo cha binadamu kilitafutwa kwa fedha na mtu aliyetaka utajiri wa haraka, na nyuma ya bibi aliyeitwa mchawi mara nyingi palikuwa na shamba lenye wa kulirithi. Ujinga wa majirani uliwafanya wanyamaze au washangilie. Aliyelipa alikuwa anafuata faida yake. Ukifundisha ubaya wa imani hiyo bila kumgusa mlipaji, atatafuta sababu nyingine ya kutumia.

Nina wasiwasi mwingine kuhusu ziara hii, nao ni mkubwa kuliko huo wa kwanza. Kwa kuwa hoja ni "hawakutujua," simulizi inahitaji upande wa "wao," na kwa muda mrefu pale Kageye "wao" walikuwa Waarabu tu. Neno hilo lilitajwa mara nyingi bila majina, na wanafunzi wawili nyuma yangu wakaanza kumtania mwenzao aliyekuwa na jina la Kiislamu. Mwongozaji hakusikia, nami naamini angesikia angekemea, maana si mtu wa chuki hata kidogo. Lakini hilo linaonyesha kwamba maarifa ya nusu nayo yanaweza kupanda chuki. Watemi walioshiriki walitajwa kwa sentensi moja, na wanunuzi wa pembe wa Ulaya na Marekani hawakutajwa kabisa. Tarehe za mwisho wa utumwa nazo zilikatwa: tuliambiwa kwamba Sultani Barghash alifunga soko la Zanzibar mwaka 1873, kisha tukarukia uhuru wa Tanganyika. Ukweli ni kwamba Zanzibar na Pemba hali ya utumwa iliondolewa kisheria mwaka 1897, na huku bara Wajerumani, waliojisifu kuja kuukomesha, waliuacha uendelee na kuagiza tu kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 kuisha wawe huru. Sheria ya kuufuta kabisa Tanganyika ilitungwa mwaka 1922, chini ya Waingereza. Kijana akiyajua hayo hawezi tena kutafuta mhalifu mmoja wa kumbebesha mzigo wote, wala hawezi kuamini kwamba mambo yalikwisha siku soko lilipofungwa.

Ndiyo maana ombi langu kwa waandaaji halihusu kupunguza chochote. Waongeze nusu saa Kageye, pale mwongozaji anapomaliza habari za Songoro, waeleze nani alikopesha, nani alinunua, nani aliteka na nani aliruhusu kwa sheria. Swali la yule mama wa Magu lipewe nafasi yake ya kudumu katika ratiba, na wageni waachwe wabishane. Mwongozaji ana uwezo wa kusimamia mjadala huo, kwa sababu watu walimsikiliza na walimheshimu.

Mengine ni ya kawaida. Chakula kilikuwa ugali wa udaga na sato wa kuchemsha, kingi na cha moto, kilichopikwa na akina mama wa kijijini ambao, nilivyoelezwa, hulipwa siku hiyo hiyo. Kivuli kilikuwa kidogo na viti havikutosha, hivyo wazee waje na kofia na waombe kukaa mbele. Wanafunzi hulipa nusu ya bei. Walimu wanaotaka kuleta darasa zima nawashauri wachague siku za katikati ya juma, kwa kuwa Jumamosi kundi huwa kubwa, na upepo wa ziwa ukianza mchana walio nyuma hawasikii maelezo ya Kageye, ambayo ndiyo waliyoyalipia.