Bastola ya shabaha ya kwanza: usinunue urefu wa mtutu

Wakuu, kila Jumamosi nikienda renji, uwanja wa kulenga shabaha, hapa Ohio, Marekani, hakosi mtu wa kuniuliza swali lile lile, hasa hawa vijana wetu Watanzania na Wakongo walioanza mchezo juzi, "kaka ninunue ipi inayopiga palepale?" na nikimuuliza yeye ameangalia nini ananiambia mtutu mrefu, au mtutu mnene, au ile yenye mifereji pembeni inayong'aa. Sasa naandika mara moja tu, wa wiki ijayo nitamtumia hii.

Tuelewane kwanza, naongelea bastola za nusu otomatiki za kutoboa karatasi. Za kujilindia ni habari nyingine na ushauri wake ni mwingine kabisa.

Siri yenyewe ni ndogo. Jicho lako linafuata saiti, vile vyuma viwili vya kulengea juu ya bastola, risasi inafuata mtutu, kwa hiyo kama hivyo viwili havikukaa vilevile kila ukifyatua basi hata ushike kama jiwe matundu yatatawanyika. Sasa bastola nyingi za 9mm na .45 (hizo ni saizi za risasi) mtutu wake unacheza, na hauchezi kwa ubovu, ndivyo zilivyoundwa toka enzi za yule mbunifu wa silaha John Browning: ukifyatua, mtutu na slaidi, kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele, vinarudi nyuma vikiwa vimeshikana, vikifika mahali mtutu unainama upande wa nyuma unaachana na slaidi, ganda linaruka, risasi mpya inaingia, mtutu unanyanyuka unajifunga tena. Yote hayo kufumba na kufumbua. Swali la mlenga shabaha ni moja tu, je umerudi palepale?

Piga hesabu uone. Mtutu wa inchi 5 ni milimita 127. Ukirudi ukakaa pembeni kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, kitu ambacho hata kwa kucha huwezi kukisikia, kwenye mita 25 risasi imeshahama karibu sentimita 2. Na duara la pointi 10 kwenye karatasi ya mita 25 ya ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, lina upana wa sentimita 5 tu. Umeshapoteza sehemu kubwa ya duara kabla mkono wako haujaongeza makosa yake, na utaongeza, niamini.

Risasi ya .22 ni ndogo, uzito wa slaidi pamoja na springi unatosha kushikilia ganda mpaka presha ishuke, kwa hiyo mtutu unaweza kufungwa moja kwa moja na usitikisike maisha yake yote. Ukitaka kufanya hivyo kwenye 9mm kwa uzito mtupu utahitaji slaidi kama nyundo ya fundi ujenzi. Kuna wanaotumia gesi kupunguza kasi ya slaidi, kama Laugo Alien ya Wacheki, mtutu umefungwa na bastola ni tamu, lakini bei yake unapata gari la mtumba. Ndio maana orodha yangu inaanza na .22 na karibu inaishia hapo hapo. Risasi zake ni rahisi pia, na hii shughuli ni ya kupiga maelfu sio mia mbili.

Namba moja kwangu ni Ruger Mark IV Target yenye mtutu mnene wa inchi 5.5. Ukoo wake umeanza 1949 na umbo halijabadilika sana: kuna bomba la chuma la mviringo, mtutu umekazwa kwa uzi ndani ya hilo bomba, na kinachokwenda mbele na nyuma ni kipande cha chuma kilicho ndani ya bomba. Saiti ya nyuma imekaa juu ya bomba, ya mbele juu ya mtutu, hakuna hata moja inayosafiri. Kwa pesa yake, kati ya dola 500 na 700 kutegemea duka na aina ya chuma, sijui kingine kinachokupa uhakika huo. Zile za zamani, Mark II na Mark III, kuzifungua kusafisha ilikuwa adhabu, watu walikuwa wanazipiga risasi elfu na elfu bila kuzifungua kwa kuogopa kuzirudisha, Mark IV ilipotoka 2016 wakaweka kitufe kimoja nyuma unabonyeza inafunguka. Ila sikiliza, kama unachukua ya mtumba iliyotengenezwa kabla ya Juni 2017, kampuni yenyewe iliziita kuzirekebisha kwa ajili ya sefti, kile cha kuzuia isifyatuke, angalia namba ya bastola kwenye tovuti yao kabla hujatoa hela. Triga yake ya kiwandani ni ya kawaida tu, sio mbaya ila haikuchekeshi.

Namba mbili Browning Buck Mark, iko sokoni toka 1985, na kuna siku naamka naipa namba moja kwa sababu ya triga, inakatika safi kabisa bila kuguswa na fundi. Mtutu umekazwa kwenye fremu kwa skrubu, saiti ya nyuma imekaa kwenye kibao ambacho nacho kimekazwa kwa skrubu, slaidi inapita chini yake. Unaona linaloweza kutokea, skrubu ikilegea saiti inatembea na wewe utalaumu macho. Kila ukisafisha kaza, tia tone la gundi ya skrubu ile ya bluu, basi. Bei dola 400 mpaka 600 hivi.

Namba tatu S&W SW22 Victory, ya kampuni ya Smith & Wesson, nayo ni ya 2016, nzuri kwa mwenye bajeti ndogo, na mtutu wake unabadilishwa nyumbani kwa kufungua skrubu, kwa hiyo leo unatumia wa kiwandani na mwakani ukipata hela unaweka wa kampuni nyingine. Hilo ni zuri, ila pia ni mtego, utajikuta umenunua mitutu mitatu na hujanunua risasi.

Wenye pesa: S&W Model 41. Hii ni ya 1957 na bado inatoka, na ukiniuliza mtu aliyeibuni alikuwa anawaza nini nitakuambia alikuwa anawaza hiki hiki ninachokiandika, maana saiti ya nyuma ameiweka kwenye mkono wa chuma unaotoka kwenye mtutu wenyewe. Saiti ya mbele kwenye mtutu, ya nyuma kwenye mtutu, hata ukiuchomoa mtutu ukaurudisha saiti zako zimekuja nazo. Kizuri kina gharama, ni dola 1,500 kwenda juu, na chemba yake, lile tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa, imebana, ina maringo kwenye risasi, itumie za mwendo wa kawaida, zile za kasi na za bei chee ziache.

Na kama nia yako ni mashindano ya kimataifa ya mita 25 basi hapo ni Pardini SP ya Italia, magazini imekaa mbele ya triga, mtutu umekaa chini karibu na mkono kwa hiyo bastola hairuki. Zaidi ya dola elfu 2. Usianze nayo. Na kabla ya kununua chochote kwa ajili ya ISSF kumbuka mtutu usizidi milimita 153, hiyo ni kama inchi 6, yaani ile Mark IV ya inchi 6.88 ambayo kila mtu anaitamani dukani hairuhusiwi, ya 5.5 ndiyo inapita. Triga nayo isiwe nyepesi kuliko gramu 1000.

Nimetaja 6.88, basi tumalize hili la urefu. Mtutu mrefu haupigi kwa usahihi zaidi. Unachokupa ni umbali kati ya saiti na saiti, na kwa saiti za chuma hiyo ni faida kweli: saiti zikiwa zimeachana inchi 9, ukikosea kuzipanga kwa sehemu moja ya mia ya inchi, kwenye yadi 25 umekosa kwa inchi 1 nzima, zikisogeleana kosa linakua. Lakini leo nusu ya watu mnaweka doti nyekundu juu, kile kioo kinachoonyesha nukta moja ya kulengea! Ukishaweka doti hakuna tena saiti mbili za kupanga, urefu umekuwa mzigo tu. Unene ni hivyo hivyo, .22 haina joto wala nguvu ya kuupinda mtutu, unene unakupa uzito mbele ili mkono utulie, na hiyo ni nzuri mpaka dakika ya arobaini ya kupiga kwa mkono mmoja ambapo bega linaanza kukudai. Mke wangu anatumia ya alumini yenye bomba la chuma jembamba ndani, nyepesi, na ananishinda, kwa hiyo uzito ni suala la mkono wako sio la mtutu. Mifereji ya pembeni? Inapunguza uzito kidogo na kuongeza bei. Kaboni faiba vilevile.

Vinavyohesabika vimo ndani na huvioni kwenye picha. Chemba iliyobana kiasi ili risasi ikae katikati. Michirizi inayozungusha risasi, kwenye .22 kawaida ni mzunguko mmoja kila inchi 16, na hapo viwanda karibu vyote vinafanana, usipoteze usingizi. Halafu mdomo wa mtutu, pale risasi inapoagana na chuma. Mdomo ukiwa na kovu upande mmoja gesi inatoka upande huo kwanza na inaisukuma risasi mgongoni. Nimejifunza kwa hela yangu, bastola yangu ya kwanza nilikuwa naisafisha kwa fimbo ya chuma naiingiza kwa mbele, miezi minane, najiona msafi, kumbe nasugua mdomo. Matundu yaliyokuwa yanafunikwa na kizibo cha soda yakawa yanataka kisosi. Fundi akautazama kwa lenzi akacheka, akaukata upya kidogo, dakika ishirini, ikarudi. Kwa hiyo safisha kwa kamba, unaivuta kutoka nyuma kuja mbele.

Sasa kuna wale wa Bullseye, mchezo wa Kimarekani wa kulenga shabaha kwa bastola, na kwa kuwa Camp Perry iko hapa hapa Ohio na mashindano ya taifa yamekuwa yakifanyika pale toka 1907 nawakuta wengi, ambao lazima wawe na .45 maana sehemu ya mchezo inaitaka. Hapo utanunua 1911, ile bastola ya .45 aliyoibuni Browning, na mtutu wake unacheza, huna ujanja. Unachonunua ni kazi ya fundi: ile bushingi, yaani pete ya mbele, iushike mtutu bila kupwaya, meno ya juu yaingie kwenye slaidi yote kwa pamoja, na mtutu ukijifunga nyuma usibonyee hata ukiusukuma kwa kidole gumba. Fanya hilo jaribio dukani, omba ruhusa, hakikisha haina risasi, sukuma mgongo wa mtutu chini kwenye dirisha la kutolea ganda. Ukizama kama godoro, rudisha. Kampuni ya Les Baer wanauza zenye dhamana ya inchi 3 kwenye yadi 50, na ukiongeza hela wanakupa ya inchi 1 na nusu, duara la 10 la hapo ni inchi 3.36, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe kama unaihitaji. Mi niliuziwa moja ya mtumba na jamaa akiapa kwamba ni ya mashindano, nikapata matundu makundi mawili, matano juu na matano chini, kama watu wamegombana. Mtutu ulikuwa na viti viwili, unakaa popote unapojisikia.

Risasi. Kila mtutu una chakula chake, hata mbili za namba zinazofuatana kutoka kiwandani zinaweza kutofautiana. Nunua boksi moja moja la aina tano au sita, CCI Standard, SK, Eley ya bei ya kati na kadhalika, weka bastola kwenye mfuko wa mchanga, piga kumi kumi sio tano tano, kwa sababu tano zinakudanganya, mara zote utapata kundi moja zuri la bahati na utalipiga picha. Ukishapata inayopendwa nunua katoni yenye namba moja ya toleo.

Makaratasi kwa kifupi, huku Marekani dukani unajaza fomu 4473 na wanakukagua, mwenye green card anaruhusiwa na sheria ya taifa ila kila jimbo lina mambo yake, na usimnunulie mtu mwingine bastola kwa jina lako hata akiwa mdogo wako wa tumbo moja anayekupa hela, hiyo ni jela. Mlioko Uingereza poleni, toka 1997 hizi hamruhusiwi, ndio maana wenzenu kule wanapiga bastola zenye mtutu wa sentimita 30 na mkia wa chuma nyuma ili itimize sentimita 60, kichekesho lakini ndiyo sheria. Nyumbani Kenya na Tanzania leseni ndiyo inaanza kabla ya duka, na uliza kwanza .22 za shabaha zinapatikana wapi, maana bastola bila risasi zake ni chuma cha kukandamizia karatasi.

Ukienda kuangalia ya mtumba beba kijiti cha pamba cha masikioni. Bastola ikiwa tupu na imefunguliwa, zungusha pamba taratibu kwenye mdomo wa mtutu. Ikinasa nyuzi mahali, pale pana kovu, na una sababu ya kuomba apunguze dola mia.