Mshauri wa ndoa Sinza: alininyima barua, nampa nyota 4

Ofisi ni vyumba viwili juu ya duka la dawa. Mimi na mama Neema tulienda mara tisa, 60,000 kila kikao, na saa ikifika umemaliza. Ndoa haikupona. Hilo simlaumu.

Baraza la usuluhishi la kata liliposhindwa kutupatanisha, likatupa fomu namba 3 ya kwenda nayo mahakamani, ugomvi ulibaki mmoja: mtoto. Ana miaka mitano. Sheria ya Ndoa ya 1971 inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni heri akae na mama, kwa hiyo baba anayepinga ndiye wa kuleta sababu. Mimi nilijua ninayo. Kikao cha nne mwenzangu alikiri jambo kwa machozi, jambo ambalo hapa siliandiki. Nikamwomba mshauri barua, ukurasa mmoja tu.

"Baba Neema, hayo niliambiwa mkiwa wawili. Na mtoto sijawahi hata kumwona, nitasemaje akae na nani? Hiyo ni kazi ya Ustawi wa Jamii."

Basi nikasema nije peke yangu, kwa shida zangu, nalipa. Akakataa pia, akanipa namba ya mwenzake wa Mwenge. Nilishuka ngazi nikiamini kashahongwa.

Wiki tatu baadaye tumekaa benchi moja pale Ustawi, mama Neema akaniambia mwenyewe: naye aliomba barua, ya pombe yangu, niliyoitaja kikao cha pili. Alijibiwa vilevile. Mshauri hakuwa amenidokezea hata kwa jicho. Sikuwa na la kusema. Nilikuwa naiwaza ile barua mkononi mwa hakimu.

Nyota moja naibana kwa sababu haya yote yamo kwenye fomu ya siku ya kwanza, kurasa tatu za herufi ndogo, tukazisaini kama za mkopo. Angetusomea. Mtu aliyekuja kuokoa ndoa hafikirii mahakama. Hata habari ya hati ya wito wa mahakama ilibidi niiulize mwenyewe: mshauri akiitwa atakwenda, ila atamwomba hakimu kwanza asimlazimishe kuyaanika ya watu wawili kwa faida ya mmoja.

Maegesho ni ya gari mbili tu, Jumamosi uwahi. Risiti wanatoa.