Mbegu za popi ya California: pakiti moja, misimu miwili

Nianze na lawama. Nyuma ya pakiti wameandika uoteshe mbegu kitaluni, kisha uhamishe miche ikitimiza wiki nne. Nikatii. Kati ya miche 22 niliyohamisha ilipona mitatu tu, tena iliyodumaa. Popi hii hushusha mzizi mmoja mrefu kama wa karoti, na mzizi huo ukishakatika au kukunjwa, mche hautengemai tena. Muuza mbegu alipaswa kulijua hilo.

Kosa la pili ni langu. Nilijaza samadi, nikamwagilia asubuhi na jioni kama ninavyofanyia mboga. Ile mitatu ikanenepa majani, ua hata moja hakuna, na mmoja ukaoza shinani. Hili ndilo ua rasmi la jimbo la California, Marekani, tangu 1903, na kwao linafunika vilima vikavu. Ningejiuliza huko linamwagiliwa na nani!

Msimu uliofuata nilitumia mbegu zilizobaki. Nikachagua kona yenye changarawe, jua kutwa, samadi hakuna. Nikakwaruza udongo kwa reki, nikachanganya mbegu na mchanga mkavu zisirundikane, nikasia palepale zitakapokulia na kuzifukia kidogo sana, kama milimita 3. Siku ya 12 zikachomoza, majani membamba kama nyuzi. Nikapunguzia, mche hadi mche sentimita 15 (roho iliniuma kung'oa). Nilimwagilia mpaka ikafika urefu wa kidole, kisha mpira wa maji nikaurudisha stoo. Tangu hapo nimeutoa mara mbili tu, jua lilipozidi.

Wiki ya tisa yakaja maua. Kila kitumba huvaa kofia ya kijani iliyochongoka. Asubuhi moja nilichuchumaa nikiangalia kofia ikisukumwa juu taratibu hadi ikadondoka, petali nne za rangi ya chungwa zikajikunjua zikiwa bado na makunyanzi, kama leso iliyotoka mfukoni. Jioni hujifunga. Siku ya mawingu huenda yasifunguke kabisa. Wageni niliowaita waje kuyaona waliambulia majani. Na usiyakate ya kupamba meza, petali hupukutika upesi.

Vitumba vya mbegu, virefu na vyembamba, nilivichuma vilipogeuka kahawia nikavitia kwenye bahasha ya karatasi. Usiku nikasikia ta! ta! mezani, nikadhani panya. Kumbe vinapasuka vyenyewe na kurusha mbegu. Asubuhi, nyingine nilizikuta sakafuni.

Mbegu nazipa nyota nne na nusu, maelezo ya pakiti nyota moja. Pakiti nyingine sinunui: mimea ile ilikauka baada ya kuzaa, lakini pale konani miche mipya imeshajiotea, na bahasha yangu bado imejaa.